Udongo wa Mama Ooko

Jepleting alikuwa na wivu, na afadhali lisemwe mapema ili tusisumbuane. Haukuwa ule wivu wa mume na mke, ambao majirani huuelewa na hata kuuonea huruma. Wake ulikuwa wivu wa kazini, usio na mtu wa kuambiwa, unaoingia ofisini saa mbili asubuhi pamoja nawe na kukufuata jioni hadi kwenye sufuria ya ugali. Aliyekuwa akimwonea wivu huo ni msichana wa miaka ishirini na tisa aitwaye Wangeci. Wangeci hakuwa amemkosea chochote, na hilo ndilo lililomuudhi Jepleting kuliko yote. Angalau mtu akikukosea unapata pa kuanzia.

Kwa miaka kumi na minne Jepleting alikuwa fundi wa mashambani katika maabara moja ya udongo mjini Nakuru. Maabara ya aina hiyo ina watu wa namna mbili: wanaokaa na mashine, na wanaokwenda kuuleta huo udongo. Yeye alikuwa wa kwenda. Alikuwa ametembea kuanzia Rongai hadi Naivasha akiwa na chuma cha kutobolea ardhi begani, na kandokando ya Ziwa Nakuru hakukuwa na shamba ambalo hakuwahi kulichimba, kulinusa na kulisugua kati ya vidole. Mvua ikinyesha mjini, kila kilichomwagwa mitaani huteremka kuelekea ziwani: mafuta ya gereji, maji ya kufulia, betri zilizooza, vyoo vilivyofurika. Na ziwa lilipofura miaka ile likameza mashamba na nyumba za watu, liliurudisha uchafu huo juu ya ardhi yao. Kazi ya Jepleting ilikuwa kujua ni ardhi gani imepona na gani bado inaugua.

Wangeci aliletwa kwake miaka minane iliyopita, mwanafunzi wa kujifunza kazi, viatu vyeupe miguuni kana kwamba anakwenda harusini. Jepleting ndiye aliyemfundisha kutembea shambani kwa mwendo wa kwenda na kurudi upandeupande, atoboe mashimo kumi na matano, udongo wote autie ndani ya ndoo moja, auchanganye, augawe mafungu manne, atupe mawili, achanganye tena, mpaka ubaki nusu kilo inayolisemea shamba zima. Alimfundisha kuandika jina la shamba mara mbili, karatasi moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Halafu msichana akaenda zake kusoma ng'ambo, akarudi na shahada ya pili, simu mbili, na ulimi wa kuzungumza na wafadhili bila kugugumia.

Mkuu wa mradi wa ziwa alipostaafu, Jepleting alinunua suti. Wala hakumwambia mtu ni ya nini. Siku ya kutangaza, meneja wao, Kemboi, alisimama mbele ya wafanyakazi akasema kwamba mradi utaongozwa na Wangeci. Jepleting alipiga makofi kuwashinda wote, hadi viganja vikamuuma, na ile suti ikabaki kabatini na lebo yake.

Tangu siku hiyo alihesabu kila kitu. Alihesabu nani anaketi mbele karibu na Kiptum, dereva wa pikapu, na nani anabanwa nyuma na mifuko. Alihesabu ni mara ngapi Kemboi amesema "muulizeni Wangeci." Hata ile heshima aliyopewa ilimchoma. Wangeci alimwita Anti, kwa upole kabisa, mbele ya watu, na kila alipoitwa Anti alijisikia amezeeka kwa mwaka mmoja.

Lakini cheo angekimeza, hata kama kingekwaruza koo. Kilichomkata maini ni Mama Ooko.

Jina lake lilikuwa Anyango, ila tangu amzae Ooko, kifungua mimba wake, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mjane, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na shamba lake la robo ekari lilikuwa chini ya mtaa wa Rhonda, kule nyumba zinakokwisha na kuanza nyasi za ufuoni. Ziwa lilipofura lilimchukulia shamba lote. Lilipojivuta nyuma lilimrudishia ardhi nyeupe kwa magadi, iliyojaa plastiki, inayonuka kama bomba lililoziba. Majirani walikata tamaa. Yeye alimtafuta Jepleting, na wawili hao wakaliuguza shamba hilo kwa miaka mitatu. Walichimba mitaro ya kuosha magadi, wakabeba samadi ya mbuzi, wakafukia mabua ya mahindi, wakapanda nyasi na kuzing'oa, wakapima, wakapima tena. Siku sukuma wiki ya kwanza ilipokubali kusimama bila kupauka, Mama Ooko alimkumbatia Jepleting mbele ya wanawake wote waliokuwa ufuoni akasema, "Huyu ndiye daktari wangu!"

Duniani kote hakukuwa na mtu mwingine aliyemwita Jepleting daktari. Alikuwa na stashahada ya zamani na mume aliyeamini kwamba kazi yake ni kucheza na matope. Kila alipopita Rhonda, Mama Ooko alipaza sauti ng'ambo ya barabara, "Daktari!" na Jepleting akaitika huku akijifanya anaona haya.

Kisha akampeleka Wangeci huko. Alikosea, angesema baadaye, lakini ilikuwa kazi. Wangeci alitoa kile kibao chake cha kioo, kama simu pana, akamwonyesha Mama Ooko picha ya shamba lake lilivyoonekana kutoka angani, mitaro yote, mpaka na shimo la samadi. Mama Ooko alicheka hadi akashika kiuno.

"Kumbe huyu mdogo ndio daktari mkubwa!" akasema. "Mimi sijawahi ona kichwa ya shamba yangu. Nimekuwa nikiona miguu tu."

Kisha akafunga mafungu mawili ya managu, akampa Wangeci la kwanza. La pili alimpa Jepleting. Yalikuwa sawasawa, na Jepleting alijua hivyo kwa sababu alilipima lake kwa macho na la mwenzake kwa macho. Alipofika nyumbani hakulipika. Liliozea kwenye beseni, na mumewe alipouliza kulikoni alimwambia mboga za siku hizi hazina ladha.

Sasa tufike kwenye ile Jumanne ya mwisho wa Machi. Mradi ulikuwa umekwisha kukusanya sampuli za mashamba thelathini kando ya ziwa, ili zipimwe metali zinazoletwa na maji machafu: risasi, shaba, zinki na nyinginezo. Lilibaki shamba la Mama Ooko peke yake. Wingu zito lilikuwa likishuka kutoka upande wa Mau, na Kiptum, katika haraka ya kuligeuza gari kabla barabara haijawa tope, aliirudisha pikapu nyuma akaikanyaga ndoo ya sampuli. Ilipasuka vipande vitatu.

"Kiptum, wewe!" Wangeci alipiga ukelele. "Hiyo ndio ilikuwa ndoo ya mwisho!"

"Pole, Madam. Sikuiona. Hata kioo imejaa matope."

Mama Ooko, ambaye hakuwahi kumwona mgeni na shida asikimbie kuitatua, tayari alikuwa ameingia nyumbani. Alitoka na karai la kijani kibichi. "Tumieni hii," akasema. "Nimeisugua jana na mchanga, ni safi kabisa."

Jepleting alilijua karai hilo. Alikuwa amenawia ndani yake mara nyingi, na alikuwapo Jumamosi ile Ooko alipolipaka rangi iliyobaki baada ya kupaka geti la mwajiri wake, ili mama yake awe na kitu kipya bila kukinunua. Ukiliangalia juujuu ungesema ni plastiki. Lakini lilikuwa bati, bati lile lile la kung'aa lililopakwa zinki kiwandani lisishike kutu, na kwa ndani, chini ya vumbi la mchanga lililokaukia humo, rangi ilikuwa imebanduka na bati limekwaruzika kwa miaka ya kusuguliwa na mchanga. Na hapo walikuwa wanakwenda kupima zinki! Mtu yeyote aliyekaa sana katika kazi ile angekuambia: udongo wa kupimwa metali usiguse bati. Ni kama kupima chumvi ya mchuzi uliokwisha kumwagikiwa na chumvi.

Wangeci alikuwa tayari na lundo la udongo wa mashimo yote kumi na matano juu ya karatasi ya nailoni, na matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Alilipokea karai, akaligusa ukingo, akasita. Kisha akamgeukia Jepleting.

"Anti, hii iko sawa?"

Hebu tuseme ukweli: Jepleting alikuwa na nafasi. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini aliinua macho akamwona Mama Ooko amemfunika Wangeci kichwa na leso yake mwenyewe, asilowe, akiishikilia kwa mikono miwili kama anayemfunika mwanawe. Yeye Jepleting alikuwa analowa. Miaka mitatu ya samadi, na hakuna aliyegundua kwamba analowa.

"Wewe ndiye mkubwa wa mradi," akasema. "Amua."

Wangeci aliangalia wingu, akamwaga udongo ndani ya karai na kuuchanganya kwa mikono yote miwili. Jepleting akashika mfuko ukiwa wazi, akaandika jina la shamba mara mbili, ndani na nje, kwa mwandiko wake mzuri. Moyoni alihisi utamu ambao hakuwa ameuonja tangu siku ya suti.

Jioni alijiambia atasema kesho. Kesho yake udongo ulikuwa umeanikwa kivulini, akajiambia hauna haraka. Siku ya tatu ulisagwa. Baada ya hapo hakujiambia kitu tena, kwa sababu utamu ule ulikuwa umeota na kuwa mpango. Matokeo yatatoka. Yatasomwa mbele ya wakulima. Hapo ndipo atakaposimama, polepole, na kuuliza swali moja dogo. Mama Ooko atakuwa ameketi pale, atasikia, naye atajua ni nani daktari na ni nani mwenye kibao cha picha. Shamba halitadhurika, alijituliza, kwa maana litapimwa upya siku hiyo hiyo. Alikuwa amelifikiria kila jambo, au hivyo ndivyo alivyoamini.

Wiki tatu baadaye Wangeci alimwita mezani kwake. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Anti, angalia hii. Zinki kwa shamba ya Mama Ooko imeenda juu, hata siamini. Majirani wote wako chini. Nimerudisha ule mfuko kwa mashine mara mbili, inatoa hiyo hiyo. Wewe unaijua hiyo shamba kunishinda. Inaweza kuwa ukweli?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, tena iliyoletwa kwenye sahani. Jepleting aliitazama ile karatasi, akabetua midomo.

"Sasa mashine inaweza kudanganya?" akasema.

Wangeci alitaka mkutano usubiri sampuli nyingine. Kemboi alikataa. Wakulima walikuwa wamekwisha kuitwa, alisema, na kama shamba moja lina sumu ni heri wenyewe wajue mapema. Jepleting alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Usiku huo aliitoa ile suti kabatini akaikata lebo.

Mkutano ulifanyika Alhamisi asubuhi katika ukumbi wa kanisa moja pale Rhonda. Wakulima walikuja kama sitini, wengine na matope miguuni. Jepleting aliketi safu ya pili, na kwa nusu saa hakusikia neno. Alikuwa akimtafuta Mama Ooko kwa macho. Hakuwapo. Ilimkera kidogo, kwa sababu ni kwa ajili yake alilifanyia swali lake mazoezi mbele ya kioo, lakini alijua habari ingemfikia. Pale Rhonda habari hazihitaji kupanda gari.

Wangeci alisoma majina ya mashamba moja moja. Shamba hili liko salama. Hili liongezewe samadi. Hili magadi bado ni mengi. Kisha sauti ikamshuka.

"Kuna shamba moja ambayo zinki imepita kiasi. Sitataja jina hapa, ni heshima tu. Mwenyewe nimeshamwelezea. Kwa hiyo shamba, tunashauri mboga zisiuzwe mpaka tupate jibu ingine."

Jepleting akasimama. Alirekebisha koti.

"Nina swali kidogo tu," akasema. "Hiyo sampuli yenye ilikuwa na shida, ulichanganyia udongo ndani ya nini?"

Wangeci alikunja uso akikumbuka. "Ndoo ilikuwa imevunjika. Tulitumia karai. Ile ya plastiki."

"Si plastiki. Ni bati. Imepakwa rangi juu, lakini ndani imebanduka." Aligeuka kidogo, ili sauti ifike hadi nyuma. "Na bati ina zinki. Kwa hivyo hiyo zinki yenye umetusomea si ya shamba. Ni ya karai."

Ukumbi ulivuma. Mzee mmoja aliguna, mwingine akacheka kwa sauti. Kemboi alivua miwani na kuanza kuipangusa. Nyuma kabisa mtu alisema hawa ndio wanaolipwa kutufundisha, na watu wakacheka tena. Jepleting alikaa kusubiri sehemu iliyobaki, ile ambayo Wangeci angelia, au angekana, au angenyoosha kidole na kusema, "Lakini Anti, nilikuuliza!" Jibu la hilo alikuwa nalo tayari. Angesema, "Mimi ni fundi tu, wewe ndiye mkubwa."

Wangeci alimtazama. Alimtazama kwa muda uliotosha kukumbuka mvua, leso, karai, na neno "amua." Ilionekana wazi kwamba amekumbuka yote. Kisha akawageukia wakulima.

"Basi ni kosa langu," akasema. "Mimi ndio nilichanganya huo udongo. Mnisamehe. Hiyo shamba tutaipima upya leo, na nitarudi hapa kuwaambia matokeo, mkitaka kunicheka mnicheke."

Hawakucheka. Walimtikisia vichwa kwa heshima, na Jepleting hakuipenda hiyo.

Hata hivyo, alipata alichokitaka. Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Kemboi alimshika mkono. "Jepleting, umetuokoa na aibu kubwa. Kuanzia leo, kazi yote ya mashambani iko chini yako. Hata huyu Wangeci atakuwa anakuuliza wewe. Na ripoti ya hilo shamba utaiandika mwenyewe, sawa?"

"Sawa kabisa," akajibu, na damu ikamkimbia mwilini kwa furaha hadi masikio yakapata moto.

Wangeci alikuwa karibu na geti, simu sikioni. "Hapatikani," alimwambia Kiptum. Alipomwona Jepleting alisogea, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, kitu kilichokaribia kuiharibu furaha yenyewe. "Anti, nilimpigia Mama Ooko jana jioni. Sikutaka asikie mbele ya watu. Sasa simu yake imezima. Tafadhali mtu amfikie haraka."

"Naenda mimi," Jepleting akasema upesi. Habari njema kama hiyo hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine aipeleke.

Alichukua chuma cha sampuli na ndoo mpya ya plastiki, akateremka kwa miguu, na njia nzima alikuwa akiisikia sauti ya Mama Ooko ikimwita. Alipokata kona ya mwisho alidhani amepotea njia. Alisimama akaangalia nyuma, akaona nyumba ni ile ile. Lililobadilika ni shamba.

Sukuma wiki yote ilikuwa imeng'olewa. Mistari ishirini, mashina yaliyofika kiunoni, halikubaki hata moja. Managu, kunde, hata vitunguu vya kando ya mtaro, vyote vilikuwa chini. Katikati ya shamba kulikuwa na shimo refu, na Mama Ooko alikuwa akitupa humo fungu la mwisho. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekuja, daktari," akasema, bila kusimama. "Nimeanza saa kumi na moja. Nilisema nisipofukia, mtu atapita achume, apelekee watoto. Watu wamekula kutoka kwa mkono yangu, Jepleting. Mtoto wa jirani ana mwaka moja, nimekuwa nikimtumia managu ya kupondea kila siku. Sijalala."

"Mama Ooko, acha! Acha kwanza!" Jepleting alidondosha ndoo. "Udongo wako ni mzima. Hauna sumu. Ilikuwa ni makosa ya kupima!"

Mama Ooko alibaki ameinama, fungu mkononi. "Unasema?"

"Ni mzima. Nimesimama mbele ya watu wote nikasema. Ni mimi nimegundua."

Mama Ooko aliketi chini palepale, juu ya matuta matupu. Alicheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kijaluo, kisha akaunyoosha mkono wake wenye matope akamshika Jepleting kiganja. "Daktari wangu," akasema. "Mimi nilijua. Nilijua wewe huwezi niacha. Daktari wangu!"

Kwa muda huo mfupi Jepleting alikuwa na kila kitu. Kazi ilikuwa yake, jina lilikuwa lake, na mkono ule mzito ulikuwa umemshika yeye. Kama angenyamaza tu hapo! Mtu aliyekuwa hodari wa kunyamaza mwezi mzima alishindwa kunyamaza dakika moja.

"Ni lile karai," akaeleza, akichuchumaa karibu yake. "Yule msichana alichanganyia udongo kwa karai yako ya kijani, na ile ni bati. Bati ina zinki. Hakujua."

"Karai yangu?" Mama Ooko alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kumbe ni mimi nilileta sumu."

"Hapana, wewe haukujua. Si lazima ujue."

"Na yeye hakujua?"

"Hakujua. Alidhani ni plastiki."

"Lakini wewe ulijua." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapanga mambo tu, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. "Hiyo karai unaijua. Ooko akiipaka rangi tulikuwa na wewe, hapo, tukikula mahindi. Na siku hiyo mvua ikianza, mimi nilikuwa nimemshikia leso. Nilisikia. Alikuuliza. Alisema, Anti, hii iko sawa?"

Jepleting alifungua mdomo. Maneno ya kusema alikuwa nayo mengi: kwamba ni fundi tu, kwamba mkubwa ni mwingine, kwamba alikuwa amepanga shamba lipimwe upya siku hiyo hiyo. Mama Ooko hakuyasubiri.

Mama Ooko aliuondoa mkono wake. Aliuondoa taratibu, akaupangusa kwenye leso, akainuka.

Jepleting naye akainuka, na kwa kuwa hakujua la kufanya alifanya kazi aliyoizoea. Aliiokota ndoo. Alikichukua chuma. "Wacha nipime sasa hivi," akasema. "Mashimo kumi na matano. Nitapeleka mwenyewe kwa mashine, niandike mwenyewe ripoti. Wiki mbili tu utakuwa na karatasi yako. Na nitakuletea miche, Mama Ooko, nitapanda na wewe mpaka..."

Alikuwa amekwisha kukikita chuma ardhini aliposikia kinashikwa. Mama Ooko alikuwa amekishika kwa juu, na alikuwa na nguvu kuliko yeye.

"Hapana," akasema.

"Lazima lipimwe."

"Lipimwe. Lakini si na wewe." Alikivuta chuma kikatoka ardhini, akamrudishia mkononi kwa adabu, kama unavyomrudishia mgeni mkoba wake. "Leo sijakukosea kitu, na umeniharibia shamba kwa sababu ya mtu mwingine. Siku yenye nitakukosea mimi mwenyewe, utaandika nini kwa hiyo karatasi? Nitajuaje?"

"Mama Ooko, tafadhali."

"Niletee yule mwenye alikosea. Yeye nilimwona akikosea."

Upepo ulileta harufu ya ziwa juu ya matuta matupu. Jepleting alisubiri, akidhani Mama Ooko angelegea, kwani hakuwahi kumwona akimkasirikia mtu hadi mwisho. Lakini mama huyo alikuwa amechukua jembe na alikuwa akifukia shimo lake, kwa sababu mboga zilizolala humo tangu alfajiri hazingeweza kurudi ardhini tena.

Jepleting akatoa simu. Wangeci aliipokea kabla haijalia mara mbili.

"Anti! Umempata? Ako sawa?"

"Ako hapa. Njoo uchukue sampuli."

"Lakini boss amesema ni wewe."

"Mama Ooko amenikataza."

Wangeci akauliza, "Amekukataza kwa nini?"

Jembe lilikuwa limesimama. Mama Ooko alikuwa ameegemea mpini, amemkazia macho, akisubiri kama Wangeci alivyosubiri. Kwa sauti ya kusikika hadi shimoni, Jepleting akamwambia kwa nini.